Shahidi wa Uchovu wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji, mdogo wake mke wangu, karudi kutoka kwa daktari na fomu. Ana maltipo sklerosisi: kinga ya mwili imeacha kazi yake na sasa inatafuna utando wa mishipa ya fahamu. Hilo sibishi. Nabisha uchovu. Eti ajipe alama mwenyewe, sifuri hadi kumi, asubuhi, mchana na jioni. Daktari akiridhika, posta, anakofanya kazi ya kusimama, watampa kiti na kazi ya nusu siku. Na nusu iliyobaki? Atashinda humu kwetu, chumba cha mbele, chini ya feni, ninapoandika kitabu changu kuhusu uvivu. (Miaka kumi na moja, kurasa mbili. Nzuri.) Fomu inataka shahidi wa nyumbani. Mke wangu kanichagua mimi, kwa kuwa sina shughuli. Fisi kakabidhiwa bucha.

Jumanne, 4 Machi
Mtu hajisahihishii mtihani. Nimeanzisha sayansi. Namwaga vifungo ishirini sakafuni, shemeji anaokota, mimi na saa. Nilimwambia shemeji kuwa daktari atafurahi. Asubuhi: dakika moja. Nikachekelea. Saa nane mchana: vifungo saba, kisha akaketi palepale. Nikauliza kama ndiyo mwisho. Akasema, shemeji, mkono umeondoka, tuusubiri urudi. Nimeandika: maigizo.

Jumatano, 5 Machi
Nimezima feni kwenye swichi kuu. Joto humtoa mvivu kitandani. Baada ya nusu saa hakuweza kushika kikombe, na maneno yalimtoka moja moja. Mke wangu akauliza feni ina nini. Nikasema umeme umekatika. Jirani, fundi umeme ambaye hakuna aliyemwita, akasema kwake upo. Mbea. Nimeandika yote: saa, joto, kikombe.

Alhamisi, 6 Machi
Utafiti unahitaji mtu mzima wa afya wa kulinganisha naye. Nikajitolea. Ngazi za jengo, mara kumi. Mara ya tatu magoti yakagoma. Nikalala hadi saa kumi. Shemeji alinifunika shuka, na nilipoamka akauliza kama uchovu bado upo. Nikasema umekwisha kabisa. Akasema, wa kwangu hulala nami na kuamka nami, tofauti ndiyo hiyo. Nimeliandika neno kwa neno, kama jaribio la kumrubuni shahidi.

Ijumaa, 7 Machi
Kwa daktari, sote watatu. Fomu sikuisaini, nilimkabidhi daftari. Alisoma kila ukurasa. Akasema waajiri hubisha alama za mgonjwa, wakidai kajipendelea. Lakini hapa pana shahidi asiyemtakia mema hata kidogo, na kila alichopima kinamtetea. Ameliambatisha kwenye barua ya posta! Kiti, nusu siku. Kaongeza kwa wino mwekundu: apumzike kwenye chumba chenye feni. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, ni nani aliyeizima. Mke wangu akanigeukia. Nikaitazama dari.

Jumapili, 9 Machi
Naandikia jikoni. Mke wangu hajasema nami tangu juzi. Nikamuuliza shemeji dada yake ana nini. Akasema, amechoka. Amechoka na nini, mtu mzima wa afya, ameketi tu? Nimeshachora jedwali. Kesho naanza kumpima.