Mgeni wa Kifungu cha Nne

Jumatatu, 3 Juni
Baraza la mji limetoa amri. Nyumba yenye wamiliki zaidi ya mmoja haitapangishwa kwa wageni wa siku mbili tatu mpaka wamiliki waandikiane kanuni. Kaka amefurahi. Anakitaka chumba changu cha juu akipangishe. Chenye dirisha la mtaani, meza yangu na ukimya wangu wote! Wifi alishakuja na futi kupima mapazia. Nilimsalimu vizuri. Kisha nikaikalia futi.

Nimejitolea kuziandika kanuni. Kaka kasema vema, Profesa, hatimaye shahada yako itatufaa. Masikini. Kondoo anamsifu mchinjaji kwa kisu kikali.

Jumatano, 5 Juni
Vifungu kumi na tisa! Sijala tangu asubuhi. Sioni njaa, naona haki. Cha tisa ndicho mtego: mgeni hatalala chumba cha juu bila saini ya kila mmiliki. Mimi sitasaini hata nikishikiwa panga. Na ili usibaki mwanya, cha nne kinaeleza mgeni ni nani: yeyote alalaye humu na jina lake halimo kwenye hati ya nyumba. Nimekisoma kwa sauti mbele ya kioo. Kimenitoa chozi.

Ijumaa, 7 Juni
Wamesaini! Kaka hata hakusoma. Alikuwa anaongea na simu. Shangazi, ambaye tunaishi naye tangu baba afariki, aliniuliza kama nina hakika na hicho cha nne. Nikamwambia, Shangazi, sheria ina wenyewe. Akasema haya mwanangu, akasaini polepole, kama mtu anayeshona sanda.

Jumatatu, 10 Juni
Karani wa baraza kaja kukagua. Kaiomba hati. Shangazi kaitoa chini ya godoro. Majina mawili: la Kaka na lake. Mawili! Baba alipofariki nilikuwa na miaka minane; wakasema mtoto ataongezwa akikua. Nimekua. Hakuna aliyekumbuka, nami nikiwemo, niliyeongoza darasa miaka mitatu. Karani akaniuliza kwa upole nitakaa siku ngapi.

Kaka alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimeingia na kiti cha kukalia.

Jumatano, 12 Juni
Stoo. Mimi, magunia mawili na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Kaka na Shangazi wamesaini, chumba cha juu kimepata mgeni wa siku nane: mpima ardhi aliye likizo. Nimemnunia kwa heshima zote.

Ijumaa, 14 Juni
Shangazi kanipa ufagio. Eti mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe halipo. Nikamwambia amenisaliti. Akanijibu kwamba aliniuliza mapema nami nikamjibu kama hakimu. Kisha akanilainikia: nimwombe Kaka tu, twende ofisini jina langu likaongezwe, ni kazi ya asubuhi moja, Kaka mwenyewe kasema hana neno.

Kuomba! Nyumba ya baba yangu! Mimi siombi. Mimi naandika.

Alhamisi, 20 Juni
Rasimu mpya. Vifungu arobaini na kimoja! Safari hii sitegemei hati ya mtu. Mmiliki ni yeyote aliyewahi kulala chumba cha juu siku kumi mfululizo, basi. Mimi nimelala kule miaka kumi na sita. Kaka aruke, agaregare, apande ukuta! Kesho kutwa nawasainisha, na watasaini, maana wameshachoka na mimi.

Nimemwonyesha mpima ardhi, kwa kuwa ndiye peke yake humu anayejua thamani ya maandishi. Ameisoma mara mbili, kidole mstari kwa mstari. Kasema ni kazi safi, lisiguswe hata neno moja. Kisha akashuka jikoni kumwambia Shangazi kwamba lile dirisha limemkaa moyoni, na zile siku zake nane ataziongezea mbili.

Muungwana sana. Kaniachia na kalamu yake, nikaweke nukta ya mwisho.