Fundo la Verlyn na Kiti cha Nyuma

Njoni, enyi wenye masikio, acheni masufuria yaungue! Nawasimulia vita vya Ziwa Tamarack, kule Minnesota, alipopambana Verlyn Haugstad, Simba wa Mshipi, Mume wa Ardis, na shemeji yake Gaylord, wakigombea kiti cha nyuma cha mashua, penye injini, alichokikalia marehemu mzee Palmer miaka arobaini. Palmer alikuwa baba yao Gaylord na Ardis. Naye Verlyn, mkwe, miaka thelathini na moja amekaa katikati, juu ya sanduku la barafu, kama mgeni. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyowahi kukiri.

Sharti lilikuwa moja: atakayetoa samaki wa kwanza kabla ya saa sita mchana ndiye mwenye kiti.

Gaylord akatundika chambo chake cha bati kwenye kizungushi, kile kipete cha shaba kinachozunguka ili mshipi usijisokote. Verlyn akakitazama kwa dharau ya kuangusha falme.

"Shemeji, chuma chote hicho cha nini? Samaki atadhani unamletea kufuli!"

"Wewe endelea na mafundo yako ya fundi cherehani. Mimi navua."

Ndipo Verlyn akasimama, chambo mkononi, mashua ikayumba, akayahutubia maji: "Sikieni, enyi samaki wa vilindini! Mimi nafunga chambo moja kwa moja kwenye mshipi, pasipo kipete, pasipo mpatanishi, pasipo..."

"Kaa chini bwana, utatuzamisha!"

Akahutubu hata mate yakamkauka. Na kila mvuvi wa ziwa lile ajua kwamba fundo hulowanishwa kwa mate kabla ya kukazwa, la sivyo uzi huungua kwa msuguano. Shujaa akalikaza kavu. Samaki akauma, fimbo ikapinda, mshipi ukakatika, chambo kikaenda zake.

"Hotuba nzuri," akasema Gaylord. "Samaki ameondoka nayo."

Zilibaki dakika tisa. Verlyn akafunga tena, akaliramba fundo lote.

"Sasa unakula uzi? Kwani dada yangu hakukupa kahawa?"

Akarusha. Saa sita kasoro dakika mbili maji yakatikisika, na baada ya mapambano ya pumzi tatu akatoka majini samaki mwenye mistari, aliyekipita urefu kidole cha kati cha shujaa, ila kwa kidogo sana.

Gaylord akamtazama yule samaki, kisha kizungushi chake kilichojaa magugu. Akakohoa. Akainuka kitini.

"Haya, kaka. Turudishe nyumbani."

Kaka! Si shemeji! Verlyn akalivuka sanduku la barafu, akaketi, macho yamemjaa machozi hata ufuo hauoni. Basi waandishi na waandike, na wajukuu wakaririshwe: Jumamosi ile, kwa fundo moja lililolowa mate, mkwe alihesabiwa mwana, na injini ikawaka alipoivuta kamba mara ya tano.