Biro ya Kutia Moyo Watu wa Bure

Haya nilielezwa na Mama Epiphanie Jumapili iliyopita, misa ikiisha, tukingojea mvua ipite. Yeye njo alipika chai ya mikutano yote, kwa hiyo anajua.

Ijulikane basi kwa watu wote wa Burungu na vijiji vya jirani: Biro ya Kutambua na Kutia Moyo Wenye Kujitolea imefunguliwa. Iko na chef, Papa Karangwa. Iko na makamu, na makamu wa makamu. Iko na muhuri. Muhuri ulifika hata meza haijafika.

Kazi ilikuwepo. Kuna programu ya telefone inayoambia wachuuzi wa maziwa wapi mvua imekata barabara na wapi wanunuzi wangali wanapokea, kabla maziwa haijachacha. Haiuzwe. Ndani yake iko wazi: mwenye kujua anaingia, anatengeneza penye kuharibika, anaachia wengine. Ni salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, lakini bila jembe. Plamedi wa Kibua, mumoja wa wenye kuitengeneza, alichoka, akaacha. Alibaki Gentille, binti wa hapa, na mama yake Umuhoza alishamuambia: "Telefone, telefone! Hiyo kazi itakuletea hata chumvi? Jumamosi ikipita, unaiacha, tunaenda kulima." Gentille akiacha, programu inakufa, na sisi tunarudia kumwaga maziwa ku barabara.

Biro ilikutana sana juu ya hatari hiyo, na kila mara ilikula. Mwisho ilipata dawa ya kutolewa Jumamosi mbele ya watu wote: makofi. Makofi ya daraja la kwanza kwa mwenye kutengeneza, ya daraja la pili kwa mwenye kuonyesha kosa.

"Makofi tu?" Epiphanie aliuliza.

"Muntu wa kujitolea ukimupa kitu, moyo wake unaharibika," Papa Karangwa alieleza, akiongeza sukari.

"Na moyo wa kwako, Papa Chef?"

"Mimi siko wa kujitolea, mama. Mimi niko muntu wa mushahara."

Jumamosi ikafika. Biro ilikaa mbele ku viti. Gentille alikaa nyuma ku majani, sababu protokole haikumuwaza. Makamu alipewa diploma ya kushukuru wengine vizuri. Kisha wazee wakamupa Papa Karangwa kibuyu cha maziwa, naye akasimama nacho mukononi, hotuba ikamupanda ku kichwa.

"Gentille, binti yetu! Kazi yako haina bei! Mbele ya wazee hawa, nakupa ng'ombe! Nakupa Gaju, ile nyekundu yangu, na mimba yake!"

Musimushangae. Alizoea hotuba za mujini, ambamo barabara na hospitali zinatolewa kwa mudomo na hakuna muntu anayeenda kuzitafuta. Lakini kwetu, muntu hatamke ng'ombe mbele ya wazee, maziwa mukononi, kwa muchezo. Muzee Gakwaya alikuwa amesimama tayari, anamusifu Gaju pembe na mukia. Wanaume wawili walishapanda kilima kumuleta.

"Ngojeni! Ile ilikuwa ya kutia moyo!"

"Moyo umeingia, Papa," Gakwaya akamujibu.

"Basi Biro ikae kwanza, ichunguze…"

"Ikae. Sisi tunafunga kamba."

"Lakini Gaju iko ya bibi yangu!"

"Kumbe yeye njo mwenye kujitolea!" Epiphanie akasema. "Tumupigie makofi!"

"Ya daraja la kwanza!" watu wakaitika, na kilima kikalia.

Umuhoza njo alipokea kamba. Alimushika Gaju tumbo, akamutazama binti yake. "Wewe kaa ku telefone. Kukama nitakama mimi." Gentille hakungoja, alimuandikia Plamedi hapo hapo: "Rudi. Tumepewa ng'ombe. Maziwa yake ni yetu sisi wenye kutengeneza."

Sasa, mwenye kutoa ng'ombe anashukuriwa kwake. Kabla jua halijazama kijiji kizima kilikuwa ku kiwanja cha Papa Karangwa, kinamuimbia. Ilimubidi akae, acheke, aseme "asante" kwa kila ubeti. Bibi yake alisikiliza sifa zote mpaka mwisho. Watu walipoenda kwao kulala, yeye aliingia chumbani, akafunga.

Papa Karangwa akagonga. "Mama, fungua. Mimi hapa, chef."

"Unasikia usingizi, Papa Chef?"

"Sana."

"Basi jitolee. Lala ku viti vya salon."

Alizunguka zunguka, akaketi, akajifunika koti, akalala.