Natafuta Mdhamini wa Fainali

Jumatatu, 24 Juni 2002

Wazo limenijia nikifuta mabenchi. Wazo kubwa!

Tangu bei ya kahawa ianguke, kiingilio cha banda langu la video hapa mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu, kimekuwa mtihani. Jana mtu kanilipa maparachichi, tena mabichi. Lakini nimegundua: wenye vituo vya TV hawaishi kwa kiingilio. Wanaishi kwa matangazo! Nami ninayo mapumziko ya kila mechi, yamekaa tu. Nitazima sauti, nitasimama mbele na kuwatangazia wafanyabiashara wa Tukuyu bidhaa zao. Watalipa.

Nimemweleza mke wangu Felista. TV ni yake, kainunua kwa fedha za maziwa, na hajawahi kuniacha nisahau. Kasema sawa, baba Atupele, jaribu. Ila fainali ya Kombe la Dunia Jumapili ikiisha bila mdhamini wa kueleweka, TV inapanda gari kwenda Kyimo dukani kwa kaka yake Ambwene. Na banda nilifugie kuku.

Nimemwambia achague kitenge cha kuvaa siku ya kusaini mkataba.

Jumanne, 25 Juni

Nimezunguka mji mzima. Mwenye bucha kaniuliza atangaze nini, wakati watu wanaiona nyama inaning'inia na wanapita wakiisalimia. Fundi cherehani kasema wateja wake wote wanajua alipo, ndiyo maana wanapita njia nyingine. Kakubali Esnath wa mitumba peke yake. Kalipa sweta. Mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake.

Nusu fainali ya kwanza. Kumbe hata TV yenyewe hali ngumu! Mashindano yalipoanza kulikuwa na bia, mabati, simu, benki. Leo mapumziko yote ni sabuni. Sabuni, kisha picha ya saa ya ukutani, kisha sabuni. Yule mama wa tangazo kafua shati lile lile mpaka nikalionea huruma shati.

Basi nikajua pesa iliyobaki nchini iko wapi. Nimekimbia kupiga simu Mbeya kwa wakala wa sabuni hiyo, Bwana Godwin. Kasema atakuja Jumapili aone kwa macho. Akikuta banda limejaa na watu wanasikiliza matangazo, atatudhamini. Felista kasikia, kanyamaza. Ushindi!

Jumatano, 26 Juni

Nimeboresha mradi. Kwa nini kungoja mapumziko? Brazili walipopata kona nikasimama mbele ya TV kutangaza masweta ya Esnath.

Nimerushiwa maparachichi yangu mwenyewe. Sasa yameiva.

Saad, mwenye mgahawa wenye TV ng'ambo ya barabara, kaja mlangoni na kikombe cha kahawa mkononi. Kwake hakuna tangazo lolote, mtu anakunywa chai anatazama. Kaniuliza kwa upole wake wa pwani, "Ati bwana Ezron, hapa pana mpira au pana mnada?" Banda zima likacheka. Wivu tu.

Jumamosi, 29 Juni

Esnath kajitoa. Kasema tangazo langu limeleta watu kweli, lakini wote wamekuja kurudisha.

Jioni nimesikia Mzee Anyelwisye wa Kyimo amefariki. Mungu amweke pema. Mzee wa watu, kila mtu hapa ana undugu naye upande mmoja au mwingine. Nikaogopa: msiba utanilia watu kesho! Ajabu, kila niliyekutana naye njiani hakuutaja. Wote wameuliza fainali saa ngapi, halafu wakapita upesi.

Jumapili, 30 Juni

Nimejaza! Wengine juu ya kreti za soda, wengine wananing'inia dirishani. Hata watu wa Kyimo wamekuja, wamekaa nyuma gizani, kofia wameshusha mpaka puani. Nikasema moyoni, huu sasa ni umaarufu.

Godwin kafika na gari lenye spika juu na sabuni ubavuni. Nimemkalisha kwenye kiti chenye mgongo. Kaninong'oneza: wengine wanaotangaza kwako ni akina nani? Nikasema wengi mno. Sikuwa na hata mmoja.

Hapo ndipo akaingia Mzee Amoni, mdogo wake marehemu, na jogoo kwapani. Anataka tangazo la maziko, leo saa kumi, Kyimo. Nikamwambia mzee, mambo hayo si redioni?

"Redio inawafikia wasiohusika, mwanangu," kasema. "Wanaohusika nimewaona humu."

Nikapokea jogoo mbele ya macho ya Godwin. Mteja kalipa kabla ya kazi! Nani mwingine nchini anapata hivyo siku hizi?

Mapumziko. Bila kwa bila. Nikasimama, nikasoma kwa sauti ya mtangazaji hasa: marehemu, wafiwa, mahali, saa.

Sauti kutoka gizani: "Ezron, umetuua."

Na mwingine: "Dakika arobaini na tano tu! Ungekufa ukingoja?"

Wakaanza kusimama. Benchi baada ya benchi. Felista ndiye kanifumbua macho: wote walijua tangu jana. Walikuja kujificha kwangu, wakiulizwa waseme hawakusikia. Sasa wamesikia hadharani, wakiangaliana. Asiyekwenda, siku yake nani atamchimbia?

Nikamgeukia Godwin. Naye kasimama! Mama yake ni mzaliwa wa Kyimo. Kasema udhamini basi, hawezi kudhamini mabenchi. Lakini kanishika mkono: miaka yote katika matangazo, hajaona tangazo lililonyanyua ukumbi mzima papo hapo.

Wafiwa wakapanda gari la sabuni. Felista kaona gari la bure la Kyimo. TV ikapanda pia, imefungwa kwenye shuka, mtu kaipakata kama mgonjwa.

Nimebaki na jogoo. Kwa Saad walikuwa hawajatangaziwa kitu. Nimesikia shangwe ya bao la kwanza. Nimesikia na ya pili. Kisha Saad kaleta kahawa ya tangawizi, kasema pole na msiba. Sijui alimaanisha upi.

Jumanne, 2 Julai

Naandikia hapa matangani Kyimo. Felista hanisemeshi. TV iko dukani kwa Ambwene, naiona kutoka kwenye turubai.

Lakini nimekaa nikatazama. Mamia ya watu! Wamekaa kuanzia asubuhi. Hakuna kiingilio, hakuna anayedai chake, hakuna anayethubutu kuondoka katikati. Baina ya mahubiri na ndizi kuna mapumziko marefu, hayana mwenyewe. Godwin alisema mwenyewe sauti yangu inanyanyua watu!

Nimemdokeza fundi wa majeneza. Hajakataa.

Tatizo ni moja tu, ratiba. Mpira unajua utachezwa lini. Kwa hiyo kesho asubuhi naanza kuwatembelea wazee wa Ibighi, mmoja mmoja. Kuwajulia hali tu.