Kitenge cha Msafiri

Jumapili, 3 Mei

Nimenyang'anywa kitenge. Mchana kweupe, ukumbini Alby, kusini mwa Stockholm, baada ya ibada, watu wanakunywa chai.

Kanuni ya umoja wetu wa Waafrika Mashariki inajulikana. Aliyetembea kwa miguu safari ndefu kuliko wote huvishwa kitenge cha msafiri na mwenyekiti wetu, Mama Domina, huketi meza kuu, na pilau hupakuliwa kwake kwanza. Miaka miwili kilikuwa begani kwangu. Leo kimekwenda kwa Vedasto. Vedasto! Tulisoma naye Bukoba, alikuwa anachelewa shule na kwao ni ng'ambo ya barabara.

Amerudi kutoka Ayalandi. Ati katembea siku sita milimani na mabondeni, kilomita mia na thelathini, akifuata vigingi vyenye picha ya kijitu cha manjano. Mvua, kondoo, matope, mvua tena. Sasa ushujaa uko wapi, kama njia inajulikana na kigingi?

Nikasimama. Nikawakumbusha nilivyotoka Karagwe hadi Kigali kwa kandambili, siku nne bila kula, nikimfuata ng'ombe wa marehemu baba. Jovia, yule Mganda asiyejua kunyamaza, akasema mbona mwaka jana ng'ombe alikuwa mbuzi. Ukumbi mzima ukacheka. Vedasto hakucheka. Akaniuliza kwa upole kama miguu ilipona. Huo upole wake ndio unaoniua.

Nikatangaza palepale: likizo yangu inaanza kesho, naingia msituni siku sita, kwenye njia ndefu ya hapahapa Stockholm yenye alama za rangi ya chungwa. Jumapili mtaona picha ukutani. Mama Domina akasema picha zikiwepo, kitenge kitarudi.

Jumatatu, 4 Mei

Viatu vya kazini. Begini chapati nane, kopo la senene, panzi wetu wa kukaanga, chupa ya chai. Binti yangu Gladness kaniuliza, kwa Kiswidi kama kawaida yake, kama nina ramani. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba baba yako ndiye ramani.

Alama ya chungwa kwenye mti. Nyingine. Kisha utepe wa chungwa, na utepe, na utepe. Nikasema kumbe wamejua nakuja, Ayalandi hawafungiwi hata uzi. Nikafuata tepe kwa saa nne nzima. Mara nikaona juu ya jiwe mfuniko wa kopo la senene. Wangu, niliouacha hapo asubuhi.

Akatokea mzee mwenye msumeno wa injini. Akanieleza taratibu, kama anafundisha chekechea, kwamba alama za njia ni rangi iliyopakwa mtini. Tepe ni za miti itakayokatwa wiki ijayo. Yaani siku nzima nafuata msafara wa waliohukumiwa.

Nimerudi nyumbani kwa treni.

Jumatano, 6 Mei

Miguu imevimba kama mihogo. Nimefunga pazia, kwa kuwa mimi rasmi niko msituni, na Jovia anakaa jengo la pili. Gladness kaniletea uji, akaliweka sawa pazia.

Namuwaza Vedasto na kile kitenge. Anakikunja vizuri? Anakifua kwa sabuni gani? Mimi nilikuwa nakipiga pasi.

Saa tano asubuhi, wazo. Siku hutofautishwa na nini kwenye picha? Shati.

Alhamisi, 7 Mei

Mashati sita begini. Dakika kumi tu kutoka kituoni pana kijito, jiwe la kuegemeza simu ijipige picha, na mti wenye alama ya kweli. Shati la kijani: Jumatatu. La bluu, tope kidogo shavuni: Jumanne. La Jumatano likanikwama kichwani, baridi inanichoma mbavu, nikasikia sauti inauliza kama nahitaji msaada. Bibi wa Kiswidi mwenye kofia nyekundu, kaketi kwenye benchi na kahawa yake. Nikamwambia kwetu ndivyo tunavyotembea. Nikamkaribisha senene. Akala, akaomba tena. Mwanamke mwenye akili.

Nikaendelea hadi Jumamosi.

Jumapili, 10 Mei

Picha ukutani, kubwa kama mlango wa kanisa. Nikasimulia. Jumanne dubu. Alhamisi mafuriko. Ijumaa nililala juu ya mti. Mama Domina ameshakishika kitenge mkononi.

Jovia akaomba picha zirudishwe nyuma. Akaniuliza, Baba Gladness, huyo bibi wa kofia nyekundu nyuma yako ni nani? Yupo Jumatatu. Yupo Jumanne. Alhamisi ya mafuriko anakunywa kahawa. Jumamosi anakupungia mkono.

Nikasema labda ni mtembezi mwenzangu. Jovia akasema basi kitenge apewe yeye, katembea siku sita hajabadili hata kofia.

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha Vedasto akasimama, akawanyamazisha. Akasema Agosti anarudi Ayalandi, hema lake ni la watu wawili, twende kaka, tukirudi tukivae kwa zamu. Makofi. Kwake! Hata aibu yangu kaigeuza sherehe yake.

Jumatatu, 11 Mei

Nimemkubalia. Nimekesha nikitafakari, na somo limeniingia barabara. Mashati hayakuwa na kosa. Kosa ni yule bibi. Kule Ayalandi, kwa maneno ya Vedasto mwenyewe, unaweza kutembea nusu siku usikutane na mtu, ni kondoo tu.

Na kondoo wote wanafanana.

Nimeshatenga mashati kumi na mawili: sita yangu, sita ya Vedasto.