Maji ya Moto ya Mjukuu

Jumatatu, 7 Julai

Binti yangu Sabrina anatoka hospitali Alhamisi na mtoto wa kiume. Mjukuu wangu wa kwanza! Mke wangu Siti anataka maji ya moto ya kumkanda mzazi, asubuhi na jioni, siku arobaini. Nikamwambia asihofu, mtambo wa sola uko juu ya bati, nimeufunga kwa mikono yangu. Nikafungua bomba la bafuni. Vuguvugu! Siti akauliza liko wapi jiko kubwa la mkaa. Nilimpa dada yangu wa Njisi mwezi uliopita, pamoja na sufuria kubwa. Nilitangaza dukani kwangu kwamba zama za moshi zimekwisha.

Siti akashauri tumwite Asifiwe, fundi aliyemfungia mtambo jirani yetu, Mwalimu Gwamaka. Kamwe! Fundi wa Gwamaka hakanyagi bati langu.

Jumanne, 8 Julai

Ugonjwa nimeugundua. Vumbi! Kinu cha mpunga kinapuliza pumba, mabomba ya kioo ya mtambo yamevaa koti. Saa saba mchana, jua kali, nikapanda na ndoo ya maji ya kisima, baridi tamu. Nikamwaga. Paa! Bomba moja likapasuka. Maji ya tangi yakashuka barazani, juu ya vitenge vipya vya duka. Wateja wakalala chini. Nikawaambia ni tairi la bajaji.

Jumatano, 9 Julai

Tundu nimeliziba kwa kipande cha kandambili ya Siti. (Hajui.) Tangi limejaa tena. Maji bado vuguvugu.

Nikajificha kwenye migomba kuchungulia bati la Gwamaka. Mtambo wake unatazama kaskazini. Ajabu! Wangu unatazama kusini, sebuleni kwake. Niliuelekeza huko makusudi, auone kila anapokunywa chai. Mwalimu akanikuta. Akauliza kwa upole nimepoteza nini. Nikasema kuku. Akanisaidia kumtafuta nusu saa nzima, mpaka mtaroni. Hatufugi kuku.

Alhamisi, 10 Julai

Sabrina kafika. Mtoto mzuri, ngumi zimekunjwa, anaitwa Abasi kama marehemu baba yangu. Maji ya bafuni baridi kabisa. Sabrina hakulalamika, akakaa tu kitandani akijishika kiuno. Hilo liliniuma kuliko kelele.

Mara hodi. Gwamaka, ndoo mbili za maji ya moto mikononi. Kumbe Siti alishakwenda kwake.

“Baba Sabrina,” akasema, “mzazi hawezi kusubiri ubishi wetu.”

Siti akamshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, mara tatu. Mimi nikapokea ndoo moja. Kisha Siti akanigeukia: “Asifiwe anakuja kesho, au mimi na mwanangu tunahamia kwa Mwalimu?”

Ijumaa, 11 Julai

Asifiwe kaja. Akachomoa kandambili, akaishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Siti akaitambua. Tuyaache hayo.

Fundi akauliza nani aliuelekeza mtambo kusini. Nikasema upepo. Akanitazama. Akaeleza kwamba huku kwetu jua la miezi hii hupita upande wa kaskazini, na kwamba kioo huoshwa alfajiri kikiwa kimepoa, si mchana. Akabadilisha bomba, akageuza mtambo. Nikamshikia ngazi.

Jumamosi, 12 Julai

Maji yanachoma! Siti akamkanda Sabrina mpaka akasinzia. Nikabaki mlangoni na mtoto kifuani. Machozi yakanitoka. Siti aliponiuliza, nikasema mvuke.

Nimeapa: kuanzia leo kila kazi na fundi wake.

Jumapili, 13 Julai

Gwamaka kafunga pampu ya sola kisimani kwake. Maji yanaruka hadi usawa wa dirisha!

Nimeshaagiza yangu kutoka Mbeya, imefika na basi la jioni. Kubwa mara mbili. Asifiwe akapiga simu kuuliza aje lini kuifunga. Nikamwambia asijisumbue. Kitabu cha maelekezo kina kurasa arobaini. Nimeshatazama picha.