Ombi la Kuwekewa Reli Katika Nyanda Tisa

Kwa Mkurugenzi wa Usanifu,
Kampuni ya Michezo ya Hoshimizu,
Osaka.

Ndugu Mkurugenzi,

Huku Uozu theluji ya mlima Tateyama imeanza kulainika, na ngisi wadogo wa kumetameta wameshafika sokoni. Natumaini nanyi huko mmeyamaliza majira ya baridi salama.

Mimi ni Kurosaki Hideyasu, umri miaka sabini na miwili, dereva mstaafu wa treni. Si mtu wa kulalamika. Hata nilipouziwa jiko la umeme lisilopika, niliandika barua ya shukrani, kwa kuwa muuzaji alikuwa mpole. Lakini safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Mwezi wa Aprili mwaka jana mke wangu, Nobue, alipasuliwa goti, na daktari akaamuru akae kitako. Binti yetu Kanae, anayeishi Nagoya, akatuletea mashine ya michezo ya video pamoja na michezo miwili, yote ya kwenu. Mimi nikachukua Kiapo cha Upanga wa Shaba. Nobue akachukua Nyanda Tisa. Siku hiyohiyo Kanae akatuambia ana chumba cha ziada, tuhamie kwake, maana mgongo wangu hauwezi tena kupanda juu ya paa kuondoa theluji kwa koleo. Nilikubali papo hapo. Nobue naye alisema, macho yakiwa kwenye televisheni: "Sawa. Nikishamwokoa binti mfalme tu, tunahama."

Imepita miezi kumi na moja. Binti mfalme bado yuko mnarani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mchezo wenu hauna haraka. Kila Nobue anapowasha moto wa kambi, binti mfalme humtokea ndani ya moshi na kulia, "Shujaa, fanya hima! Ufalme una siku tatu tu!" Nobue humjibu, "Nimekusikia, mwanangu, vumilia kidogo," kisha huenda zake kuchuma uyoga. Siku tatu hizo sasa ni siku mia tatu na zaidi. Na joka lenu limekaa juu ya paa la kasri mwaka mzima bila kuchoma hata banda la kuku! Nilipokuwa kazini, treni ikichelewa dakika mbili niliwaomba abiria radhi kwa kipaza sauti. Joka lenu halijamwomba mtu radhi.

2. Mnaweza kufanya vizuri, ila hamtaki. Ushahidi ni huo mchezo wangu. Katika Kiapo njia ni moja. Mlango usionihusu haufunguki, nami siukasirikii. Sura ya tisa, Jemadari Orgu anakufa darajani akiwa ameushika mkono wa mdogo wake, nami nililia. Kinyozi wangu, Tsukuda, alilia hapohapo, juu ya daraja hilohilo. Tulipolizungumza akiwa ananinyoa, ilibidi aweke wembe chini. Hiyo ndiyo faida ya hadithi iliyopangwa: watu wawili wanaweza kulia mahali pamoja. Nobue na jirani yetu Bi Makita wote wanacheza Nyanda Tisa, lakini ukiwasikiliza utadhani walikwenda nchi mbili mbalimbali. Mmoja anafuga nyuki, mwenzake hajawahi kuwaona. Nilipomweleza Nobue hoja hii, alicheka mpaka akashika goti.

"Wewe hata kulia umepangiwa, Baba Kanae," akasema. "Wamekujengea kituo cha machozi, nawe ukashuka!"

3. Mmemruhusu kujenga nyumba. Ina veranda, ina mti wa matunda uani kama huu wetu, nyuma kuna mlima na mbele kuna bahari. Kati ya nyanda zenu tisa alichagua ule wenye theluji, sijui kwa nini. Kanae alipopiga simu kuuliza kama tumeanza kufunga masanduku, mama yake alimjibu kwamba kwa sasa yuko kwenye ujenzi.

4. Hili kwa sehemu ni kosa langu, nami nalikiri. Jumatano iliyopita Nobue alikwenda zahanati kufanya mazoezi ya goti. Nikaishika pedi ya gemu yake. Nia yangu ilikuwa njema: niliendee joka moja kwa moja, nilimalize, nihifadhi mchezo, kisha nipike wali kabla hajarudi. Nilianza vizuri. Nilikuwa nikinyoosha kidole na kutaja kwa sauti, kama tulivyofundishwa kazini: "Njia, salama! Daraja, salama!" Baada ya daraja nikaona moshi nyuma ya kilima. Nikasema nikague tu. Alikuwa mzee mmoja anachoma samaki, akaniomba nimtafutie mbuzi wake. Nyayo za mbuzi zilikwenda hadi nyuma ya maporomoko ya maji, na nyuma ya maporomoko kulikuwa na pango, na pango likatokea kwenye ufuko wenye farasi wasio na mwenyewe. Nani angewaacha?

Nobue aliporudi saa saba mchana alinikuta juu ya mlima nisioujua jina, nimepanda farasi bila tandiko, mbuzi hajaonekana na wali haujapikwa.

"Baba Kanae, umepotea?"

"Sijapotea. Nakagua njia."

"Ya kwenda wapi?"

Alivua koti, akaketi karibu yangu, akamtazama yule farasi. Kisha akasema maneno ambayo nayanukuu kwa sababu yanaihusu kampuni yenu:

"Miaka thelathini na minane wewe umekwenda Toyama na kurudi, nami nimepasha supu kwa saa ya treni yako. Silalamiki, supu yenyewe ilikuwa nzuri. Lakini sijawahi kutoka mlangoni bila kujua nitarudi saa ngapi. Niache kidogo, bwana."

Kisha akanionyesha mbuzi alipo.

Ndugu Mkurugenzi, mimi sijawahi kupita taa nyekundu maishani. Kama mchezo wenu unaweza kuniteka mimi kwa saa tatu kwa ajili ya mbuzi wa mtu, je, itakuwaje kwa watu wasio na nidhamu? Nani atalima? Nani ataendesha hizo treni?

5. Kwa hiyo naomba yafuatayo yatekelezwe mara moja. Muweke reli kutoka mahali popote alipo Nobue hadi lango la kasri. Binti mfalme apewe ruhusa ya kukasirika na kumtaja Nobue kwa jina. Uyoga, samaki, farasi na nyuki vifungiwe mpaka joka life. Ikiwa hayo ni magumu, basi joka litumwe likamfuate Nobue kwenye veranda yake, wamalizane hapohapo. Mimi masanduku nimeyafunga tangu Septemba. Leo asubuhi nilitafuta soksi katika sanduku lililoandikwa "Nagoya, vyombo vya jikoni", na nilizipata ndani ya sufuria.

Nisalimieni wafanyakazi wote, na hasa aliyemchora Jemadari Orgu; mwambieni wapo wawili huku wanaomkumbuka. Bi Makita naye anasalimu, na anauliza nyuki wanapatikana uwanda gani.

Nabaki mteja wenu mwaminifu na mwenye huzuni,

Kurosaki Hideyasu

Tanbihi: Nilimpa Nobue barua hii aikague maandishi. Aliisoma yote, akasema, "Imeandikwa vizuri." Akateleka wali, akaketi, akashika pedi. Alikwenda kasri moja kwa moja kwa njia ya mkato ambayo sikujua kuwa ipo, akapanda paani, akalipiga joka mara tatu kwa jembe la bustani. Likaanguka. Dakika kumi na moja. Kumbe, kwa maneno yake mwenyewe, angeweza tangu Juni! Binti mfalme akashukuru, majina yenu yakapita, na lako nililiona. Wali ulikuwa bado haujaiva.

"Haya, nimemaliza," akasema. "Mwambie Kanae tunakuja." Hakuwa na hasira hata kidogo. Akaingia jikoni, akaanza kushusha vikombe rafuni na kuvifunga kwa magazeti, kimoja kimoja, akivitazama. Alipofika cha tatu nilikichukua mkononi mwake, nikakifungua na kukirudisha mahali pake. Kisha nikampigia Kanae, nikamwambia mwaka huu hatuji.

"Mama kashindwa na joka?" akauliza.

"Joka ni kali mno," nikasema. Nobue alikuwa nyuma yangu, amejiziba mdomo kwa aproni.

Kwa hiyo tafadhali puuzeni hoja ya kwanza hadi ya tano, mnifahamishe kwa barua ya haraka namna ya kulifufua joka. Kanae anakuja kututembelea mwezi wa Mei, na lazima alikute hai juu ya paa.